Mashine ya Kukaushia Nguo Chumbani kwa Mama

Mama aliponiambia anataka kununua mashine ya kukaushia nguo, nilimtazama usoni, kisha nikatazama nje. Kilikuwa kiangazi cha Januari. Kwetu Kerege, ukianika shati wakati unabandika chai, unalivaa chai haijapoa. Uani tuna kamba mbili ndefu, zimefungwa kutoka banda la kuku hadi kwenye mnazi, na upepo wa baharini unatufikia ingawa bahari yenyewe hatuioni. Mtu mwenye jua lote hilo anakaushia nini kwa umeme?

"Masika yanakuja," akasema.

"Masika bado yako mbali, mama."

"Kwani yakija yatakuja na mashine?"

Akanyanyuka akaenda zake chumbani, na nikasikia ufunguo ukizunguka mlangoni. Hilo la ufunguo nalo lilikuwa jipya.

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Nafundisha sekondari, na kusimamia mitihani miaka nenda rudi kumeniharibu. Mtoto akijikuna mguu, mimi naona karatasi kwenye soksi. Walimu wenzangu wananicheka, lakini karatasi huwa ninazikuta. Sasa mtu wa namna hiyo umwekee mama yake anayefunga mlango kwa ufunguo mchana kweupe, unategemea atalala usingizi?

Na mama si mtu wa kununua vitu. Friji alilipinga mpaka nikalinunua yeye akiwa msibani. Blenda niliyomletea bado imo ndani ya boksi lake, juu ya kabati. Alizaliwa Bagamoyo mjini, na maisha yake yote ya utu uzima alikuwa somo: mabinti wanaokaribia kuolewa waliletwa kwake awafunde. Wapo wanawake kuanzia Mlingotini hadi huku kwetu ambao hadi leo wakikutana naye njiani wanapiga magoti. Kitu cha kwanza alichowafundisha kilikuwa usafi, na cha mwisho kilikuwa usafi. Aliwaambia mwanamke anasomwa kwenye kamba yake. Shuka zianikwe katikati, zimenyooshwa, zisiwe na hata doa moja. Nguo za ndani zianikwe chini ya khanga, zipate jua bila kupata macho. Na vyote viingie ndani kabla ya magharibi. Mimi mwenyewe nimewahi kuchapwa kwa sababu ya soksi iliyosahaulika kambani ikalala nje.

Ndiyo maana hiyo mashine haikuniingia akilini. Nikaanza kukusanya na mengine.

Asubuhi, nikiwa natafuta viatu vya kwenda kazini, harufu ya udi ilikuwa inapita chini ya mlango wa chumba chake. Udi wetu sisi ni wa Ijumaa na wa harusi. Huu ulikuwa wa Jumanne, wa Jumatano, wa kila siku. Chai ya jioni aliiacha, eti inamkatizia usingizi. Harusi ya mpwa wake kule Mlingotini, ambayo miaka ya nyuma angekwenda siku nne kabla na kurudi wageni wote wameshaondoka, safari hii alikwenda asubuhi na saa kumi na moja alishateremka kituoni. Walimwomba alale, akakataa. Walimtandikia kitanda cha chuma cha bibi harusi mwenyewe, akakataa.

Halafu kulikuwa na yule mzee wa Kiwangwa. Mama ana kishamba chake cha mananasi huko, na mzee mmoja mwenye shamba la jirani ndiye anayemwangalizia. Ni mgane, mpole, mwenye kanzu zilizopigwa pasi. Msimu ukifika anateremka na magunia ya mananasi, anakaa barazani, anakunywa maji, anaondoka. Miaka yote sikumtilia maanani. Sasa nikaanza kuitazama ile pasi ya kanzu kwa jicho jingine.

Udi, ufunguo, na chombo kikubwa cha ndani. Mwanamke anayenunua chombo kikubwa cha ndani ananunulia nyumba, na nyumba hii tayari ilikuwa na vyombo. Nikaona nimepata jibu: mama anaolewa. Atakwenda Kiwangwa na mashine yake, na mimi, niliyeachika na kurudi kwetu na sanduku moja, nitabaki na kuku. Baba alipofariki tulibaki wawili tu. Naandika wazi kwamba niliogopa. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye mvi kadhaa, na niliogopa kuachwa na mama.

Basi nikaamua kumsindikiza dukani, nimwangalie.

Tulikwenda Dar Jumamosi, kwenye duka moja kubwa la vyombo vya umeme lenye baridi kama chumba cha maiti. Kijana muuzaji alitujia na tabasamu ambalo sikulipenda.

"Shikamoo mama, shikamoo mama mkubwa. Karibuni sana. Kukausha? Mmefika penyewe."

Mashine zilikuwa zimepangwa ukutani, nyeupe, zote na mlango wa duara. Alianza na ya kwanza. Hiyo inavuta hewa, inaipasha moto, inaipitisha kwenye nguo, halafu mvuke wote unatolewa nje kwa bomba. Bei yake ilikuwa nafuu. Kazi ni kutoboa ukuta tu.

"Unatoka nje wapi?" mama akauliza.

"Nje tu, mama mkubwa. Uani huko."

"Na harufu?"

"Harufu ipi?"

"Ya nguo. Inatoka na huo mvuke?"

Kijana akacheka. "Itanukia sabuni. Majirani watafaidi bure!"

Mama hakucheka. Aliiacha ile mashine akasogea kwenye nyingine, hata hakugeuka kuiangalia tena. Nikajiuliza: majirani wa Kiwangwa wako mbali shamba hadi shamba, sasa anamwogopa nani?

Ya pili haikuwa na bomba. Mvuke wake unapozwa humo humo ndani unageuka maji, na maji yanakusanyika kwenye kitangi kinachochomolewa kama mtoto wa meza. Ukimaliza unayamwaga.

"Hakuna kinachotoka nje?"

"Hakuna, mama mkubwa. Ila chumba kitapata joto kidogo."

"Na hayo maji nayamwaga mwenyewe?"

"Mwenyewe, popote unapotaka."

Ya tatu ilikuwa ya pampu ya joto, na hapo kijana akapandisha sauti. Joto lile lile linazungushwa tena na tena, kwa hiyo umeme unaokula ni kiduchu, na nguo haziungui. Mimi niliipenda hiyo, maana luku ya nyumba ile ninainunua mimi. Nikaanza kuitetea. Mama akauliza swali moja tu.

"Shuka nikiziingiza baada ya alfajiri, jua likichomoza zitakuwa zimekauka?"

"Hii inaenda polepole, mama mkubwa. Ile ya tangi itakuwahisha zaidi."

Nikamgeukia. "Mama, nani anakausha shuka baina ya alfajiri na jua kuchomoza?"

"Nimeuliza tu. Hata kuuliza nako ni kosa?"

Kijana alipoona tunaanza kukwaruzana akatuvuta kwenye ya nne, inayofua na kukausha humo humo. Unaingiza nguo chafu, unatoa kavu, kwisha. Mimi nikaona kama ni kupunguza kazi, hii ndiyo. Mama akatikisa kichwa. Kufua atafua mwenyewe kwa mikono yake. Maji ya mashine yanazunguka mahali pamoja, na yeye anataka maji yapite, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, mpaka moyo wake uridhike kwamba nguo imetwaharika. Nilijua anasema habari ya najisi, lakini nikaona ni wasiwasi wa wazee tu. Khanga za kushindia nyumbani zina najisi gani?

Alichagua ya tangi. Mimi niliizunguka mara kadhaa. Niliigonga ubavuni nisikie kama imepakwa rangi upya, nikachungulia nyuma, nikanusa waya. Yule kijana alizisifu zote nne kwa maneno yale yale, na muuzaji wa hivyo simwamini hata akiniambia saa. Nikamtaka aiwashe mbele yangu na taulo mbichi ndani. Ilikausha. Tukalipa.

Gari lililoileta liliishushia mbele ya mtaa mzima. Nilikuwa nimeshaisafishia mahali jikoni, karibu na soketi. Mama akawaambia wabebaji waipeleke chumbani kwake.

"Chumba kitakuwa tanuri," nikasema.

"Nimekulia kwenye moshi wa kuni. Joto halijanishinda."

Ikaingia chumbani, na mlango ukafungwa. Tangu siku hiyo, adhana ya alfajiri ikishakwisha, nilisikia maji bafuni, kisha mlio wa mashine ukutani kwangu, laini, wa mfululizo. Jua likichomoza unanyamaza. Udi unaanza. Nilikuwa nalala chali nikisikiliza, na hasira inanipanda, maana kitu kilikuwa kinafanyika ndani ya nyumba yangu na mimi sikijui.

Kamba yetu ikabaki na nguo zangu tu. Na hapo ndipo alipoingia jirani.

Jirani yetu wa ng'ambo ya ua wa michongoma ni mjane wa rika la mama. Wamesomana kamba kwa miaka mingi. Akiona taulo lisilo letu anajua tuna mgeni. Akiona nguo zimerundikana siku moja anajua maji yalikuwa hayatoki. Sikuwahi kumpenda. Ana macho ya msimamizi wa mtihani, na msimamizi mmoja mtaani anatosha.

"Hodi! Shoga, hodi!" Alikuja na bakuli la kisamvu. "Kamba yako siielewi. Nikasema mna mgonjwa."

"Hatuna mgonjwa," mama akajibu. "Si nimenunua mashine."

"Mashine tuliiona ikishushwa. Lakini hata shuka, shoga? Shuka zina ugomvi gani na jua?"

Mama akacheka kicheko kifupi. Yule mwanamke aliondoka, lakini wengine wakafuata. Wenzake wa darsa walipita kumjulia hali. Bibi mmoja alikuja na uji wa pilipili manga, akamwekea mama mkono pajini, akamwombea dua ya shifaa. Kwetu kamba ikiwa tupu watu wanakuja kutoa pole, na mama alikuwa amesahau kuliweka hilo kwenye hesabu zake.

Asubuhi iliyofuata kamba ilijaa. Shuka mbili katikati, zimenyooshwa, na khanga pande zote. Nilipita kuelekea kituoni nikazigusa kwa nyuma ya mkono. Zilikuwa kavu, tena zina joto, zinanukia udi. Nikasimama pale na mkoba wangu begani. Mtu ananunua mashine ili asianike nguo, zikishakauka kwenye mashine anazianika. Nilikosa basi langu nikiwaza.

Yule mzee wa Kiwangwa alipofika na mananasi, sikungoja hata anywe maji.

"Shikamoo, mzee. Naomba kuuliza. Una nia gani na mama?"

Akashangaa, akatazama magunia. "Nia ya mananasi, mwanangu."

"Hakuna jingine?"

Alipoelewa alijishika kifua. "Mama yako? Mama yako mimi namwogopa! Kanzu hii napiga pasi kwa sababu mwaka ule nilikuja imekunjamana akanirudisha njiani." Kisha akainama kidogo. "Hebu mwangalie lakini. Safari iliyopita nilimwalika aje aone mavuno, akaniambia safari ndefu hawezi. Kiwangwa ndefu?"

Shaka yangu ikakosa pa kukaa. Hakuna mwanamume. Basi kuna nini?

Nilikijua Jumapili moja, umeme ulipokatika. Mlio ukutani ulikuwa umeanza kama kawaida baada ya alfajiri, mara ukazimika. Nikasikia mlango wa mashine ukifunguliwa na kufungwa, ukifunguliwa na kufungwa. Nikasikia mama anahema. Nikaenda kugonga.

"Usiingie."

"Mama, nini?"

"Nimesema usiingie."

Sikuondoka. Nilisimama pale mpaka nje kukaanza kuwa kweupe na majogoo wetu wakamaliza makelele yao. Mwishowe ufunguo ukazunguka.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti, miguu mitupu, khanga kifuani. Kitanda kilikuwa hakina shuka. Godoro lilikuwa limefunikwa mpira, ule ule wanaonunua wajawazito wakienda kujifungua. Mashine ilikuwa wazi, na ndani yake shuka zake zilikuwa zimelowa bado, nzito, zimeviringana.

"Umeshuku, umeshuku, mpaka umefika," akasema. "Haya, ona."

Nilikaa chini sakafuni, karibu na miguu yake. Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu Ramadhani, kidogo kidogo, kisha kila siku. Analala, haamki, haoni hata dalili. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekwambia nini? Watoto wa watu nimewafunda usafi kwa kiboko. Leo mimi ndiye nianike shuka kila asubuhi kama mwenye kichanga? Siku ya kwanza watasema kafua. Ya pili watasema kafua tena. Ya tatu watajua." Akaikaza khanga kifuani. "Nikifa wataniosha hapo uani, wananong'onezana kwamba somo alikuwa akijikojolea."

Nikalia. Nililia kwa ajili yake, na kwa ule udi wa kila siku, na kwa kile kitanda cha bibi harusi alichokikataa. Nilimwambia hospitali wanalitibu hilo, kwamba si yeye wa kwanza, kwamba nitaomba ruhusa kesho twende pamoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaonyesha mashine kwa kidevu.

"Kesho tutakwenda. Lakini jua ndilo hilo linachomoza. Hizi tutazipeleka wapi sasa hivi?"

Nikainuka. Nikazivuta zile shuka nikaziweka kwenye beseni. Mama akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikudhani bado anayo.

"Usianike."

"Naanika."

"Atauliza yule."

"Akiuliza ni zangu."

Nilitoka nazo uani. Nilizianika katikati ya kamba, nikazinyoosha kama nilivyofundishwa, bila khanga mbele wala nyuma. Zilikuwa zinachuruzika maji mchangani. Upande wa pili wa michongoma sauti ya ufagio ikakoma.

"Shikamoo," nikasema bila kugeuka.

"Marahaba. Shuka mbichi leo?"

"Umeme umekatika."

"Za mama hizo?"

"Zangu." Nikageuka nimtazame. "Zangu mimi. Nimezikojolea."

Nilisema kwa sauti ya darasani, ili wa ndani naye asikie. Dirisha la mama lilikuwa hapo hapo nyuma yangu, pazia limeshushwa. Nikamsubiri jirani acheke. Nilikuwa nimeshamwandalia maneno yangu, na yalikuwa makali, ya kutosha kutugombanisha mpaka kiama.

Hakucheka. Aliulaza ufagio chini, akasogea mpaka miiba ikamgusa gauni. Akatazama nyuma, kwenye mlango wa nyumba yake ambamo mwanawe na mkwe wake walikuwa bado wamelala. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hiyo mashine yenu. Ni ile ya kutoboa ukuta?"

"Hapana. Ni ya tangi."

"Kwa hiyo haitoi harufu nje?"

Ndipo nikaitazama kamba yake. Miaka yote nilimwona yeye akitazama yetu, mimi sikuwahi kuitazama yake. Kulikuwa na khanga, magauni, mataulo, nguo za mkwe wake na za wajukuu. Shuka yake haikuwepo hata moja. Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho kuiona, sikukumbuka.

"Haitoi," nikamwambia. "Haitoi chochote."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuondoka. Mkono wake ulikuwa unachuma majani ya michongoma na kuyaangusha chini.

Nyuma yangu pazia likavutwa. Mama alisimama dirishani na khanga yake ile ile, uso umevimba kwa kulia, akatutazama sote wawili.

"Mwambie apite ndani aje aione," akasema. "Mlango wangu uko wazi."